Brashi Haiulizi Cheti

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia wakati Kitinda yuko dukani, anamtolea fotokopi mwalimu mmoja asiyeridhika na weupe wa karatasi. Simu ilitetemeka juu ya kaunta, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Hakuhitaji kuitazama ndipo ajue ni nani. Katika familia ile mtu aliyetuma jambo moja mara tatu, kana kwamba mara mbili za kwanza watu walikuwa wamelala, alikuwa mmoja tu: kaka yake mkubwa, dereva wa lori la kokoto, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa walimwita Redio.

Redio hakuwa mtu mbaya, tuelewane mapema. Alikuwa na moyo mkubwa na kidole chepesi, basi. Kitu kikimfikia simuni, kabla yeye mwenyewe hajamaliza mstari wa pili, watu wa makundi yote wameshakipata. Aliwahi kumtangaza kuwa marehemu mwalimu wake wa darasa la nne, akaandika na rambirambi ndefu yenye machozi, na mwalimu mwenyewe akampigia simu kumshukuru kwa maneno mazuri.

Safari hii ujumbe ulisema hivi: upasuaji wa macho bure, Jumamosi, uwanja wa mpira, madaktari bingwa kutoka nje. Mgonjwa atawekewa lenzi siku hiyohiyo na bandeji itaondolewa asubuhi inayofuata. Bonyeza hapa ujisajili, nafasi ni chache, tuma kwenye makundi kumi usikose bahati yako. Juu kulikuwa na nembo ya wizara, chini picha ya madaktari waliovaa barakoa na kofia za kijani. Na Redio alikuwa ameongeza la kwake, kwa herufi kubwa: BABA AJIANDAE, NIMESHAMSAJILI.

Kitinda alisoma, akamsahau mwalimu na karatasi zake. Alikuwa kitindamimba, jina likamkaa hivyohivyo, na kama walivyo vitindamimba wengi alikuwa wa baba yake. Na macho ya baba yake ndiyo yalikuwa habari ya nyumba ile tangu kunakucha mpaka watu wanalala.

Mzee alikuwa mchora mabango. Maandishi mengi ya mji ule yalitoka mkononi mwake: ya kinyozi, ya gereji, ya shule ya chekechea, ya mwanasheria wa ghorofani. Rula hakuitaka. Alisimama mbele ya ubao, akafumba jicho moja, akaanza na herufi ya katikati, kisha akaenda kushoto na kulia kwa zamu, na mwisho maneno yote yakawa yamekaa sawasawa, hakuna lililobanwa ukingoni. Halafu mtoto wa jicho akaingia, jicho la kushoto kwanza, la kulia likafuata, dunia ikawa kama kioo cha bafuni mtu anapooga maji ya moto. Bango lake la mwisho lilikuwa la fundi viatu. Herufi zilishuka mteremko, na neno la mwisho halikupata pa kukaa. Fundi viatu alilipokea, akalisifu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyommaliza Mzee. Alirudi nyumbani, akaosha brashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akahamia kwenye kiti cha mlangoni. Alianza kuwatambua watu kwa nyayo. Hospitali ya binafsi ilikuwa imetaja bei ya upasuaji, bei ambayo Mama hakuwahi kuirudia hata kwa kunong'ona.

Jioni ile Redio aliegesha lori mbele ya nyumba na kuingia akiwa na furaha ya mtu aliyeleta mwali. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haendi. Mwaka uliopita, kwa ujumbe wa namna hiyohiyo, Redio alikuwa amempeleka kwenye uwanja wa shule kupokea miwani ya bure. Walisimama juani kutwa nzima pamoja na wazee wenzake, na aliyefaidi siku ile ni muuza maji. Hakuna miwani, hakuna daktari, hakuna hata mtu wa kuwaambia samahani. Tangu hapo Mzee alikula kiapo: hatatoka nyumbani kwa jambo lolote lililotoka kwenye simu.

Redio akaja juu kwamba ya mwaka jana ni ya mwaka jana. Mama akasema mwache baba yako apumzike. Sauti zikapanda, lori likawa linaunguruma nje kwa sababu Redio alisahau kulizima, na katikati ya vurugu hiyo Kitinda akasema kwamba yeye ataangalia mtandaoni. Watu wakatulia. Katika nyumba ile yeye ndiye alikuwa mtu wa kompyuta, na cheo hicho, nisiseme uongo, kilikuwa kimempa kichwa kidogo.

Kesho yake, wateja walipopungua, alikaa mbele ya kompyuta ya dukani na kuandika: upasuaji wa macho bure ni utapeli. Mashine haikumwangusha. Zilimiminika kurasa, na ya kwanza kabisa ilikuwa na kichwa chekundu kinachowaka: JIHADHARI NA MATAPELI WA MACHO. Kitinda aliisoma nusu, akaona inatosha, akaitupa kwenye kundi la familia na maneno mawili tu: Someni wenyewe. Redio hakujibu kitu. Kumnyamazisha Redio halikuwa jambo dogo, na Kitinda alifunga duka siku ile akitembea kama aliyeongezewa mshahara.

Nyumbani alimkuta Mzee kwenye kiti chake, akamweleza. Alitegemea kusikia ahsante. Mzee akamwomba amsomee ule ukurasa, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza.

"Kule kwenye mashine uliandika nini hasa?"

Kitinda akamtajia.

"Kwa hiyo hukuuliza. Ulikwenda umeshahukumu, ukaomba uletewe mashahidi."

"Baba, ndivyo watu wanavyotafuta."

"Ndiyo. Na Redio naye ndivyo anavyotafuta, ila yeye anaomba mashahidi wa upande wa pili."

Hilo lilimchoma Kitinda. Kufananishwa na Redio, tena kinywani mwa baba yake, tena siku ile! Alitaka kuondoka, lakini Mzee alikuwa ameshaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo la zamani, akamwambia akae.

Akamsimulia kwamba zamani alijiwa na bwana mmoja aliyevaa vizuri, anataka aandikiwe mlangoni DAKTARI BINGWA WA MIFUPA. Mzee akaandika. Akaweka bluu, akaweka na kivuli cheupe pembeni mwa kila herufi, kazi ikatoka safi kuliko bango la hospitali kuu. Watu wakajaa. Baadaye ikajulikana kwamba bwana yule alikuwa muuza magodoro, na mifupa aliyoijua ni ya kitoweo.

"Niliandika vizuri mno, mwanangu, na ule uzuri ndio uliowaponza watu. Mimi nilipewa jina nikaliandika. Brashi haiulizi cheti. Lakini unajua walioponea ni akina nani? Ni wale walioingia kwanza duka la jirani, wakanunua kiberiti, wakauliza tu, 'Huyu mwenzenu hapa ni nani?' Bango halikumwokoa mtu hata mmoja. Jirani ndiye aliyewaokoa."

Maneno yale yalikwenda na Kitinda kazini asubuhi, na kabla hajafungua hata dirisha la duka aliufungua tena ukurasa wa kichwa chekundu. Safari hii aliusoma wote. Ulikuwa wa miaka kadhaa iliyopita. Ulizungumzia miwani, si upasuaji, na mji mwingine kabisa. Akateremka mpaka chini, mahali ambapo jana hakufika, na hapo akashika kichwa: ukurasa uliokuwa ukiwaonya watu wasitapeliwe ulikuwa unauza chupa za matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho bila kisu.

Alicheka kwa aibu mpaka muuza vocha wa pembeni akachungulia. Halafu akafanya jambo ambalo kwenye kundi lile halikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Aliandika: Nilichotuma jana hakihusiani na habari hii. Nilikosea. Naanza upya. Redio alirudi hewani papo hapo na vikatuni vinavyocheza ngoma.

Basi akaanza upya kwelikweli. Hakuuliza tena kama ni utapeli wala kama ni kweli. Aliuchukua ujumbe kama fundi anavyofungua pasi iliyokufa, akautandaza vipandevipande, akawa anakiuliza kila kipande kimetoka wapi.

Alianza na picha. Badala ya kuandika maneno aliipandisha picha yenyewe, akaiambia mashine imtafutie mahali pengine ilipowahi kuonekana. Ilikuwa imeonekana pengi, na mahali pa kwanza ni kwenye jarida la chuo kimoja cha mbali, miaka mingi nyuma, chini yake pameandikwa kwamba ni wahitimu wa udaktari wa meno. Kitinda akawatazama upya wale watu wa kofia za kijani. Hawajawahi kugusa jicho la mtu.

Akaenda kwenye tovuti ya wizara yenyewe, akaingia kwa mlango wake wa mbele na si kwa ile linki ya Redio. Hakuna uwanja wa mpira, hakuna Jumamosi. Kisha akachunguza ile linki ilisajiliwa lini. Mwezi uleule. Wizara haikuzaliwa mwezi huu.

Lakini kurasa zilizobeba habari ile zilikuwa nyingi, na wingi wake ulimtia wasiwasi. Watu wote hawa wanasema, watakuwa wote waongo? Akazifungua moja baada ya nyingine, akaziweka ubavuni. Zilikuwa na sentensi zilezile, kwa mpangilio uleule, hata mahali ambapo mwandishi wa kwanza alirudia neno mara mbili kwa bahati mbaya wote walirudia. Mdomo ulikuwa mmoja, masikio ndiyo mengi.

Hapo mtu mwingine angefunga kazi. Utapeli umethibitika, Mzee abaki kwenye kiti chake, Redio aambiwe ukweli wake. Kitinda mwenyewe mkono ulishakwenda kwenye simu. Kilichomzuia ni sentensi moja katika ule ujumbe, ile ya lenzi kuwekwa siku hiyohiyo na bandeji kuondolewa asubuhi inayofuata. Ilikaa vibaya kati ya wenzake. Nyingine zote zilikuwa zinapiga kelele, hii inaongea taratibu kama daktari. Tapeli hajui bandeji inatolewa lini, akajiambia. Hii ameiiba mahali.

Akaikata sentensi ile peke yake, akaifungia ndani ya alama za kunukuu ili mashine itafute maneno yale kama yalivyo, akaiambia pia imletee ya kabla ya wiki ile tu. Akabonyeza.

Likaja jibu moja. Si ukurasa unaowaka wala wenye picha. Lilikuwa faili kavu la hospitali ya rufaa, upande wa pili wa mji, lililopigwa chapa vibaya na muhuri umekaa upande. Tangazo la kambi ya macho. Upasuaji wa mtoto wa jicho, bila malipo, hospitalini palepale. Wagonjwa wafike wenyewe kupimwa kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi saa sita mchana, madaktari wageni wanaondoka Jumapili. Hakuna kujisajili kwa linki. Hakuna uwanja. Na katikati yake imekaa ile sentensi, mahali pake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Kitinda alisimama, akakaa, akasimama tena. Kumbe chini ya uongo kulikuwa na ukweli mzimamzima, umefunikwa tu. Waliouamini ujumbe wangeishia uwanjani, waliouona wa uongo wangebaki nyumbani, na madaktari wangepakia vifaa vyao waondoke. Alitaka kupiga kelele dukani.

Na hapohapo akaogopa, kwa sababu alilitaka jambo lile kupita kiasi. Jana alikuwa ametaka utapeli, mashine ikampa utapeli. Leo anataka macho ya baba yake, na mashine imempa macho. Faili nalo ni bango. Akakumbuka jirani.

Akatafuta chama cha madaktari wa macho, wenye shughuli zao wenyewe na wasiomjua mtu yeyote pale mjini. Kwenye ratiba yao ya safari, jina la hospitali lilikuwepo na tarehe zilikuwa zilezile, pamoja na majina ya madaktari wawili. Akayatafuta majina hayo peke yake: mmoja alikuwa anafundisha, mwingine alikuwa na wodi. Wote wa macho, hakuna wa meno. Mwisho akataka kuipigia hospitali, lakini hakutumia namba iliyokuwa kwenye faili. Alimpigia Mama, akamwomba amsomee ile iliyokuwa nyuma ya kadi ya kliniki ya watoto wa Redio, iliyotolewa na hospitali ileile miaka mingi kabla ya kelele hizi.

Alipokea nesi mwenye sauti ya uchovu. Kitinda akamuuliza kama kuna kambi ya macho, basi, bila kumtajia siku wala kitu kingine.

"Ipo, dada, imeanza leo," nesi akasema. "Ila watu hawaji. Tangu asubuhi kazi yangu ni kuwajibu wanaouliza kuhusu uwanja wa mpira. Vitanda viko vitupu, madaktari wanakunywa chai. Wewe una mgonjwa?"

"Ninaye," Kitinda akasema.

Kazi ilibaki moja, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Alipofika nyumbani Redio alikuwepo, na alipoambiwa kwamba uwanja ni uongo ila hospitali ni kweli, alisema Kitinda anachanganya mambo ili asionekane ameshindwa. Yeye ataenda uwanjani Jumamosi na watamwomba radhi wote. Akaondoka na lori lake kwa kelele. Mzee alikuwa amegeuzia uso mlangoni, penye mwanga, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo.

Kitinda hakumwambia niamini. Alivuta kigoda, akamweleza kila alichokifanya tangu picha ya meno mpaka sauti ya nesi, na kila hatua akamwambia ni nani anayesema na anafaidi nini kwa kusema. Mzee alikuwa anamkatiza. Huyo wa chama anamjua nesi? Hamjui. Namba ulipata wapi? Kwenye kadi ya zamani. Na lile faili, mtu hawezi kulibandika muhuri? Anaweza, Baba, ndiyo maana sikuishia kwenye faili.

Halafu Mzee akauliza lile alilokuwa amelificha siku zote.

"Nikienda, nitaona?"

Jibu tamu lilikuwa mdomoni, limeiva. Redio angelitoa bila kupepesa macho. Kitinda akalimeza.

"Sijui, Baba. Hilo halimo mtandaoni. Wanasema wengi huona, lakini macho yako hakuna anayeyajua mpaka wayapime. Wanaweza kukurudisha."

Mzee akageuza uso kutoka mlangoni, akauelekeza kwenye sauti ya binti yake.

"Wote walionidanganya walikuwa na uhakika," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Mwambie mama yako anitafutie shati safi."

Alhamisi walimpima. Korido ya hospitali ilikuwa tupu mpaka nyayo zao zilitoa mwangwi. Daktari alimmulika kwa muda mrefu, akasema jicho la kulia linafaa sana, tuanze na hilo, la kushoto lije baadaye. Ijumaa wakamwingiza. Mama alikaa kwenye benchi ameshika viatu vya mumewe mapajani, na Kitinda, msomaji mkubwa wa kurasa, hakuweza kusoma hata kibao cha choo. Alikuwa na hofu tupu. Kama mambo yangeharibika, Mzee asingekuwa na kiti kingine cha kurudia.

Jumamosi asubuhi nesi, yuleyule wa simu, mwanamke mnene mwenye kalamu nyweleni, alikata bandeji taratibu na kumwambia Mzee asikimbilie kufungua. Mzee akafungua. Akapepesa. Akatazama ukuta, akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akamtazama Mama, akakaa hivyohivyo anamtazama, mpaka Mama akajifunika uso kwa kanga na kumwambia aache utoto mbele za watu.

"Umesuka nywele," Mzee akamwambia.

Mama alilia kwa sauti, Kitinda akalia, na nesi akasema kwamba dawa zinamsubiri wodi ya pili, ila hakuondoka.

Ni katikati ya machozi hayo simu ya Kitinda iliita. Alikuwa Redio, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa anaongea polepole. Alikuwa uwanjani. Geti lilikuwa na kufuli, ndani kuna mtu mmoja anamwagilia nyasi. Nje watu wamejaa barabara nzima, wazee wanashikwa mikono, wengine wamelala njiani usiku kucha kuja. Nusu yao, alisema, walikuwa wameupata ujumbe kutoka kwake. Na tangu amsajili Mzee, simu yake haipumziki, watu asiowajua wanamuuzia matone ya macho. Kumbe walichotaka ni namba za simu tu. "Wananitazama mimi, dogo," akasema. "Niwaambie nini?"

Kitinda alimgeukia nesi. Nesi alitazama saa ya ukutani, akatazama korido tupu, akasema waje. Mpaka saa sita wanapima, na kutoka uwanjani kuja pale ni mwendo mfupi wa miguu.

Redio alikata simu, na muda si muda ujumbe ukaingia. Hakuutuma kwenye kundi. Aliutuma kwa Kitinda peke yake, ukiwa na swali: Uko sawa huu? Kabla Kitinda hajausoma, mkono wa Mzee ulikuwa umeshaichukua simu. Akaisogeza mbali, akaivuta karibu, akapata umbali wake. Akasoma mwenyewe, kwa sauti, herufi kubwa zote za mwanawe: MADAKTARI BORA DUNIANI WAKO HOSPITALI YA RUFAA, NAFASI NI TELE, KILA MTU ATAPONA.

"Wewe nesi," akasema, "hawa ni bora duniani?"

"Ni wazuri, Mzee. Dunia nzima sijaizunguka."

"Kila mtu atapona?"

"Hapana. Wengine macho yao hayatafaa."

Mzee alimwelekeza Kitinda futa hapa, futa na hapa. Wakabakiza jina la hospitali, mlango wa kuingilia, saa ya mwisho ya kupimwa, na kwamba nesi wa zamu amethibitisha. Kisha akataka paongezwe mstari mmoja, akautamka polepole ili uandikwe kama alivyosema: Mimi ni mchora mabango. Nimefanyiwa upasuaji jana, na maneno haya nimeyasoma mwenyewe. Wakamrudishia Redio. Na hapo kile kidole chepesi, kilichowazika walio hai na kuwapeleka wazee juani, kikafanya kazi kiliyoumbiwa. Makundi yote yaliupata kabla nesi hajafika wodi ya pili.

Walianza kusikika kabla hawajaonekana. Miguu mingi, fimbo, watoto wanaoelekeza, na juu ya vyote sauti ya Redio isiyohitaji kipaza sauti, ikiwaambia polepole, kuna ngazi, shikaneni. Lori lake alikuwa ameligeuza basi la wasioweza kutembea. Aliingia koridoni amemshika mkono bibi mmoja upande huu na yule fundi viatu wa bango la mwisho upande ule, jasho linamtiririka, akamwona baba yake amesimama wima bila kushikwa na mtu. Akasimama. Mdomo ukafunguka, na Redio hakuwa na la kutangaza.

"Umenenepa," Mzee akamwambia. "Pitisha watu, unaziba njia."

Madaktari waliacha chai. Korido ikajaa mpaka kwenye ngazi, na watu wakaanza kusukumana kwa sababu milango ilikuwa mingi na hakuna aliyeweza kuona upi ni upi. Nesi alisema mgonjwa arudi kitandani. Mgonjwa hakumsikia, au alijifanya. Alikwenda akasimama katikati ya korido, akatazama vibao vya milangoni kimoja kimoja kwa jicho lake jipya, akawa anawasomea wenzake: huu wa meno, huu wa mifupa, huo stoo, usiingie. Yule bibi aliyeletwa na Redio alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Mzee, akamuuliza kama ana hakika ni hapa, maana wameshadanganywa mara moja leo.

Mzee alimsogeza mpaka mbele ya mlango, akakichukua kidole chake, akakipitisha juu ya herufi za kibao.

"Hapa pameandikwa MACHO," akamwambia. "Lakini usiamini kibao, mama. Nilitokea ndani ya chumba hiki jana. Ingia."